Uvutaji au Uuzaji?

Ndugu mwenyekiti, wazee wangu, kina mama, na ninyi vijana mliokaa kule nyuma karibu na mlango (najua kwa nini mmekaa karibu na mlango), asanteni kwa kunipa nafasi.

Siku mkipanda ndege, mkaenda msalani, tazameni mlango. Pamebandikwa alama ya sigara iliyokatwa kwa mstari mwekundu. Mmeshatangaziwa kabla ya kuruka kwamba kuvuta ni kosa, na mkaambiwa kwamba humo ndani kuna kifaa kinachonusa moshi. Sasa tazameni pembeni kidogo ya alama ile. Kuna kisahani cha majivu. Si mabaki ya ndege za zamani. Ndege iliyotoka kiwandani mwaka huu nayo inacho, kwa sababu kanuni za usalama wa anga zinalazimisha kiwepo, na kikivunjika huhesabiwa kuwa hitilafu ya kurekebishwa.

Mwezi Julai 1973 ndege ya abiria iliyotoka Brazil ilikuwa inakaribia kutua Paris moto ulipozuka msalani. Watu 123 walikufa, wengi wao kwa moshi. Sababu iliyodhaniwa ni sigara iliyotupwa kwenye pipa la karatasi. Basi wataalamu wakakaa, wakafikiri kama watu wazima. Tutapiga marufuku, sawa. Lakini katika abiria 300 hatakosa mmoja atakayeshindwa kujizuia. Huyo akishavuta, ataizimia wapi sigara yake?

Nimeanza na kisahani hicho kwa sababu hoja tuliyoletewa leo ni fupi mno: "Uvutaji wa sigara upigwe marufuku." Ndiyo au hapana. Sitaki kuwapotezea muda nikiwa huku na huku, kwa hiyo nawaambia mapema nilipo: mimi ni mtu wa marufuku. Ila nataka kujua marufuku hii inamkamata nani, maana hoja imeandikwa kwa namna ambayo mkosaji ni mvutaji na muuzaji hatajwi kabisa. Isomeni tena. Uvutaji. Hawakuandika uuzaji.

Nina haki kidogo ya kuyasema haya. Nimevuta miaka 17.

Asiyewahi kuvuta hudhani sigara ni starehe, mtu kakaa na moshi wake anajiburudisha. Starehe ilikuwa mwaka wa kwanza, pengine na wa pili. Baada ya hapo nilikuwa sivuti ili nijisikie vizuri. Nilivuta ili nisijisikie vibaya. Vijana wanaiita arosto: kichwa kinakaza, mikono haina kazi, kila anayekusemesha anakukera, halafu unawasha, na dunia inarudi mahali pake. Nikotini hufika kwenye ubongo ndani ya sekunde 10 hadi 20 tangu uvute pafu. Sigara 20 kwa siku, pafu kumi kumi kila moja, hayo ni mafunzo 200 kwa siku. Hakuna madrasa wala shule inayorudia somo kiasi hicho.

Baba yangu alilazwa mapafu yakiwa yamechoka, yuko kwenye oksijeni. Usiku mmoja nilitoka wodini, nikazunguka nyuma ya jengo, nikatoa pakiti. Wahenga walisema kikulacho ki nguoni mwako. Pakiti yangu ilikaa mfuko wa shati, upande wa kushoto. Kiberiti sikuwa nacho. Gizani palikuwa na mtu mwingine anavuta, nikamwomba moto. Alikuwa daktari wa zamu, yule yule aliyetoka kunionyesha picha ya eksirei ya baba. Tulivuta kimya, hakuna aliyemtazama mwenzake. Sote wawili tulikuwa tunajua kila kitu, yeye kwa shahada, mimi kwa macho. Kwa hiyo mtu akiniambia kwamba dawa ya tatizo hili ni kuwaelimisha wavutaji, humkumbuka daktari yule na moto wake.

Kuhusu madhara sitakaa sana, mmeshayasikia tangu asubuhi. Shirika la Afya Duniani linahesabu kwamba tumbaku inaua zaidi ya watu milioni 7 kila mwaka, na zaidi ya milioni moja kati yao hawavuti, wamevuta hewa ya mwenzao. Moshi mmoja una kemikali zaidi ya 7,000, na zipatazo 70 zinajulikana kuleta saratani. Hayo yanatosha. Kuna hesabu nyingine ninayoipenda zaidi, na ina kisa chake.

Mwaka 1950 Waingereza wawili, Richard Doll na Austin Bradford Hill, walichapisha utafiti kuhusu wagonjwa wa saratani ya mapafu katika hospitali za London. Doll mwenyewe alikuwa mvutaji, na alipoanza kazi ile alishuku lami ya barabara na moshi wa magari. Majibu yalipoanza kujitokeza, akaacha sigara kabla hata hajawaambia wengine waache. Mwaka uliofuata wakaanza kuwafuatilia madaktari wa Uingereza, wanaume zaidi ya 34,000, na wakawafuatilia kwa miaka 50. Matokeo ya mwisho yalitoka mwaka 2004. Aliyevuta maisha yake yote alikufa, kwa wastani, miaka 10 kabla ya asiyevuta. Aliyeacha akiwa na miaka 60 alijirudishia miaka 3. Aliyeacha na 50, miaka 6. Aliyeacha na 40, miaka 9. Aliyeacha na 30 alirudishiwa karibu yote.

Naipenda hesabu hiyo kwa sababu ina mlango wa kutokea. Watu zaidi ya bilioni moja wanatumia tumbaku leo hii. Kitakachowarudishia miaka yao ni kuacha. Kukamatwa na askari hakumo kwenye jedwali la Doll.

Mwenzangu aliyenitangulia hapa jukwaani amesema mtu mzima ana uhuru wa kuutumia mwili wake apendavyo, na kwamba leo tukianza na sigara kesho tutaingia kwenye sukari, keshokutwa kwenye chumvi. Amezungumza vizuri, na nusu ya maneno yake nayakubali. Sipendi serikali inayochungulia mdomoni mwa mtu. Swali langu kwake ni moja: mtu mzima yupi? Wengi wa wanaovuta kila siku walianza kabla ya kutimiza miaka 18. Mimi nilikuwa na 15. Aliyeamua alikuwa mtoto anayetaka aonekane mkubwa mbele ya wenzake; anayelipa ni mwanamume wa makamo asiyeweza kupanda ngazi bila kusimama katikati. Mmoja kaamua, mwingine kalipa, na katikati yao kuna nikotini. Uhuru uko upande gani hapo? Wavutaji wengi ukiwauliza wanasema wanataka kuacha. Wanaojaribu bila msaada wowote, Shirika la Afya Duniani linasema ni kama 4 tu katika kila 100 wanaofanikiwa. Sukari sijawahi kuiona ikimtoa mtu kwenye msiba wa mzazi wake akasimame uani.

Na kabla hatujamlaumu mtoto wa miaka 15, tuseme habari za aliyemwekea mezani.

Sigara tunayoijua si mila ya kale. Tumbaku ni ya kale, huko Amerika watu waliitumia kabla Columbus hajafika mwaka 1492. Lakini sigara ya karatasi, pakiti ya 20, hiyo ni mtoto wa mashine. Zilikuwa zikisokotwa kwa mikono, moja moja, mpaka miaka ya 1880 James Bonsack wa Marekani alipotengeneza mtambo uliosokota 120,000 kwa siku. Ukishakuwa na sigara 120,000 jioni, inabidi uzitafutie midomo. Matangazo yalizaliwa hapo.

Sayansi ilipowafikia, hawakunyamaza. Tarehe 4 Januari 1954 kampuni kubwa za Marekani zilinunua ukurasa katika magazeti zaidi ya 400 kuwaahidi wananchi kwamba afya yao ndiyo jambo la kwanza na kwamba watafadhili utafiti. Mwaka 1969 waraka wa ndani wa kampuni mojawapo ukaandika bila haya: shaka ndiyo bidhaa yetu. Wakaleta sigara "nyepesi", zenye vitundu vidogo kwenye kichungi. Mashine ya maabara ikivuta, hewa inaingia kwa vitundu na kipimo kinasoma lami kidogo, yaani ule ugiligili mweusi wa moshi unaoganda mapafuni. Binadamu akivuta, vidole na midomo vinaziba vitundu, na anavuta kwa nguvu zaidi kwa sababu mwili unadai nikotini yake. Mimi nilivuta hizo nyepesi miaka mitano nikijihesabu kuwa mtu mwenye busara. Mwezi Aprili 1994 wakuu saba wa kampuni za tumbaku wakala kiapo mbele ya kamati ya Bunge la Marekani, na mmoja baada ya mwingine akasema haamini kwamba nikotini inaleta uraibu. Mwaka 2006 Jaji Gladys Kessler, katika hukumu ya kurasa zaidi ya 1,600, akaamua kwamba kampuni hizo ziliudanganya umma kwa miongo kadhaa.

Nani alifungwa? Hakuna hata mmoja. Nakumbusha tu, kwa sababu baadaye nitawatajia aliyefungwa.

Moshi wa mwenzako ni rahisi, sitautafuna sana. Uhuru wa kuvuta unaishia puani pa jirani, na zaidi pua ya mfanyakazi, asiyeweza kuhama meza kama mteja. Ireland ilikuwa nchi ya kwanza kuliona hivyo: tarehe 29 Machi 2004 ikapiga marufuku sigara katika sehemu zote za kazi za ndani, baa zikiwemo. Walitabiriwa fujo. Watu walitoka nje, wakavutia barabarani, wakarudi kwenye vinywaji vyao, na wakaguzi walikuta karibu sehemu zote zinatii. Ile ilikuwa marufuku ya kuvuta, na ilifaulu, kwa sababu ilimwambia mvutaji avutie wapi. Haikumwambia asiwepo.

Sasa nije kwenye ile ya kumwambia asiwepo. Imejaribiwa, wandugu, tena na watu wenye nguvu kuliko wabunge wetu.

Sultani Murad wa Nne wa Uthmaniya alipiga marufuku tumbaku mwaka 1633, adhabu ni kifo, na inasimuliwa kwamba alitembea usiku kwa kujibadilisha nguo akiwasaka wavutaji mwenyewe. Urusi mwaka uliofuata ikaleta viboko na kupasuliwa pua. Karne ile haikuisha kabla tumbaku haijahalalishwa kwingi kote huko, na hazina za wafalme zikaanza kuhesabu ushuru wake. Kama upanga haukuweza, mnadhani faini itaweza?

Lakini ya kale tuyaache, tutazame Bhutan. Nchi ndogo ya milimani, watu wachache, dini inayolaani tumbaku, serikali inayoheshimiwa. Kama kuna mahali marufuku ya moja kwa moja ingefaulu, ni pale. Mwaka 2004 wakapiga marufuku uuzaji nchi nzima. Mtu aliruhusiwa kuingiza kidogo kwa matumizi yake, akilipa ushuru mkubwa. Magendo yakashamiri kutoka ng'ambo ya mpaka. Mwaka 2010 wakaongeza makali: ukikutwa na tumbaku bila risiti ya ushuru, ni jela. Mwaka 2011 mtawa kijana akahukumiwa miaka 3 kwa kukutwa na tumbaku ya kutafuna ambayo thamani yake haikufika dola 3. Huyo ndiye niliyewaahidi. Wale saba wa kiapo walirudi ofisini. Mtawa wa dola 3 akaenda gerezani. Wananchi walipiga kelele, sheria ikalegezwa mwaka uliofuata. Ulipokuja ugonjwa wa Covid, mipaka ikafungwa, serikali ikaona wapitisha magendo watawaletea maradhi pamoja na tumbaku, ikafungua uuzaji mwaka 2020, na mwaka 2021 sheria ikabadilishwa rasmi.

Nawasikia mnasema, "Si umetuambia tukataze uuzaji? Bhutan walikataza uuzaji!" Ni kweli, na ni hoja nzito, siwezi kuipita pembeni. Afrika Kusini nayo ilikataza uuzaji, tangu mwisho wa Machi hadi katikati ya Agosti 2020, miezi karibu mitano. Wavutaji wengi waliendelea kununua, kwa bei iliyopanda mara kadhaa, kutoka kwa watu ambao hawakulipa kodi hata senti, na marufuku ilipoondolewa njia zile za magendo hazikufutika. Sababu haihitaji profesa. Ukimfungia duka mtu mwenye arosto, hujamwondolea arosto. Umemwondolea duka tu, na arosto hutembea mpaka ipate mlango mwingine.

Hata ushuru, ambao mimi naupenda, una ukingo. Bei ikipanda kwa asilimia 10, matumizi hushuka kwa kama asilimia 4 katika nchi tajiri na 5 katika nchi za kipato cha chini na cha kati, na wanaoshuka zaidi ni vijana na wasio na fedha. Hakuna dawa ya bei rahisi kuliko hiyo. Lakini itazameni Australia, ambako pakiti ni miongoni mwa ghali zaidi duniani: sigara za magendo zimefurika, na tangu 2023 maduka mengi ya tumbaku yamechomwa moto, hasa Melbourne, magenge yakigombea biashara. Wenzangu wa upande wa marufuku huwa hatupendi kuitaja Australia kwenye midahalo. Nimeitaja.

Kwa hiyo kosa la Bhutan lilikuwa nini? Kwa maoni yangu, walikataza kuwauzia watu ambao tayari walikuwa wamefungwa kamba. Yaani walifunga bomba wakati kiu imeshaumbwa. Sasa niulize: kuna mtu gani ambaye ukimkataza kuuziwa sigara hatapata arosto, hatatafuta magendo, hatakesha? Yupo. Ni yule ambaye hajawasha ya kwanza.

New Zealand ndio walioliona hili kabla ya wengine. Desemba 2022 walipitisha sheria kwamba aliyezaliwa tarehe 1 Januari 2009 au baada yake asiuziwe sigara maisha yake yote. Anayevuta leo aendelee kununua mpaka aache au afe, lakini kundi lake lisipate warithi. Sheria ile haikuwahi kufanya kazi. Serikali iliyofuata iliifuta Februari 2024, na ilisema waziwazi kwamba mapato ya tumbaku yangesaidia kugharimia punguzo la kodi. Angalau walisema ukweli. Uingereza ikapeleka bungeni muswada wenye tarehe ile ile. Maldives wao hawakungoja: tangu tarehe 1 Novemba 2025, aliyezaliwa kuanzia 1 Januari 2007 haruhusiwi kuuziwa tumbaku, mwenyeji au mgeni.

Naijua kasoro yake. Siku moja watakuja dukani watu wawili wenye mvi, mmoja kazaliwa Jumatano, mwingine Alhamisi, na mmoja atauziwa mwingine atakataliwa. Inachekesha. Mwanasheria ataniambia ni ubaguzi kwa tarehe ya kuzaliwa, na sina jibu la kumfunga mdomo. Nina jibu la mtu wa kawaida tu: huyu anayeuziwa anauziwa kwa sababu tulichelewa kwake. Si upendeleo. Ni sawa na anayepewa mkongojo kwa sababu mguu wake ulivunjika kabla barabara haijatengenezwa.

Na kijana wa Alhamisi akiipata kwa rafiki yake, akavuta? Naam, atavuta, wapo watakaovuta. Asikamatwe. Asitozwe hata senti. Akamatwe aliyemuuzia. Hapo ndipo nasimama, na hapo siondoki: adhabu yote ikae upande wa kaunta ambako fedha inaingia. Tangazo likatazwe, na udhamini wa michezo, na ladha za matunda ambazo hakuna mzee anayeziomba. Uuzaji wa sigara moja moja ukatazwe, maana sigara moja ndiyo saizi ya fedha ya mtoto. Mkataba wa kimataifa wa kudhibiti tumbaku, ulioanza kutumika mwaka 2005, una nchi wanachama zaidi ya 180, na mengi ya haya yameandikwa humo tayari. Nchi zimeshasaini. Wino umekauka, utekelezaji ndio mbichi.

Kuhusu wakulima wa tumbaku, mmoja wenu aliniuliza nje wakati wa mapumziko, nami sikumjibu vizuri. Nilimwambia watahamia mazao mengine, kama vile kuhama zao ni kuhama kiti. Nisahihishe: wanahitaji mkopo, soko na muda, na hawatapata hata kimoja kwa kuambiwa kwamba zao lao ni baya. Nao wanalijua zao lao. Anayechuma majani yakiwa yamelowa umande huingiwa na nikotini kwa ngozi, akashikwa na kizunguzungu na kutapika siku nzima, wakati yeye mwenyewe huenda havuti.

Lililobaki ni la yule anayevuta leo, ambaye hoja yetu inataka kumfanya mhalifu. Ushuru anaolipa ni wake kwa maana moja: katika fedha zile kuna pumzi zake. Sehemu yake imrudie. Imrudie kama vibandiko na tembe za nikotini bila malipo, kama mshauri anayepokea simu usiku saa ya arosto, kama daktari aliyefundishwa kuuliza bila kugomba. Ushauri na dawa vikiwekwa pamoja, nafasi ya kufanikiwa huongezeka zaidi ya mara mbili. Mimi niliacha mara saba. Ya sita nilidumu miezi 11, nikarudi kwa sababu ya harusi moja na rafiki mmoja mkarimu. Ya saba ilishika, na iliposhika sikuwa mtu bora kuliko nilivyokuwa ile ya sita. Nilikuwa na dawa na mtu wa kumpigia simu. Mwenye shibe hamjui mwenye njaa, na asiyevuta ana kawaida ya kudhani kwamba aliyeshindwa hakutaka.

Ndiyo maana, mwenyekiti, naomba hoja ibadilishwe neno moja kabla hatujaipigia kura. Panapoandikwa "uvutaji" paandikwe "uuzaji", na iongezwe "kwa kizazi ambacho hakijaanza". Ikibadilishwa, mkono wangu utakuwa wa kwanza juu. Ikibaki ilivyo, nitapiga kura ya hapana, nikae upande mmoja na yule ndugu wa sukari na chumvi, na safari ya kurudi nyumbani itakuwa ndefu kwetu sote wawili.

Umeshagonga meza, nimesikia. Nina ombi dogo tu. Tangu nianze kusema nimewaona wanne wakitoka kwa ule mlango wa nyuma, na watatu wamerudi. Tumngoje wa nne ndipo tupige kura. Jambo hili linamhusu kuliko wengi wetu tuliokaa humu. Na wenyeji wetu wa ukumbi, nilipita pale nje nilipokuwa nakuja. Kuna alama ya sigara iliyokatwa mstari, kubwa, mpya. Kisahani hakuna. Vipisi viko chini, juu ya majani makavu.